Mguu Mweupe Juu ya Dari

Vijana wa ujenzi waligoma asubuhi, jua likiwa bado halijaanza kuchoma. Walishabomoa ukuta wa nyuma wa nyumba ya bibi yangu pale Chinongwe, udongo umelala, fito zimerundikwa pembeni, na kilichobaki kimesimama ni upande wa mlango pamoja na jiko lenye dari nyeusi tii kwa moshi. Mimi nilikuwa ndani ya gari, kioo nimekipandisha, naongea na watu wa ghalani habari za ufuta. Nikamwona Rama, msimamizi wao, kijana wa Mbekenyera, anakuja kofia mkononi kama mtu anayeleta taarifa ya msiba.

"Bosi, shuka kidogo."

"Kuna nini?"

"Kuna mguu huku."

"Mguu wa nani?"

"Hapo ndipo penye kazi. Mguu wa mtoto. Mweupe pe. Ulikuwa darini, umefungwa kwenye kaniki. Vijana wamesema hawaugusi, na mimi sijawalaumu. Samahani kwa kuuliza, bosi, bibi yako alikuwa mganga?"

Nikashuka. Walikuwa wamejitenga mbali na jiko, na yule aliyeuteremsha alikuwa anajifuta mikono kwenye suruali bila kuacha. Kaniki ilikuwa imefunguka kidogo, kidole gumba kinachungulia. Nikachuchumaa, nikainamisha pua. Moshi, vumbi, na chini yake, kwa mbali sana, chokaa na ngozi. Nilianza kucheka. Kicheko kikafika katikati, kikakwama.

"Ni wangu huo," nikamwambia Rama.

Akanitazama miguuni. Yote miwili ilikuwepo.

Niseme mapema kwamba mimi si msomi. Darasa la saba nililimaliza kwa kuvumilia tu. Lakini anayetaka kujua nimefika wapi, aende Ruangwa au Nachingwea, asimame sokoni, aulize malori ya bluu ni ya nani. Ataonyeshwa. Korosho nanunua, ufuta nanunua, mbaazi nanunua, na nyumba ninayoipandisha kwenye kiwanja cha bibi itakuwa na vigae ambavyo wilaya hii haijaviona. Ni kujisifu, sikatai, na sioni ubaya wa kujisifu kwa mtu aliyehangaika. Ila nayasema pia ili wenzangu wa rika langu, sisi tuliopanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, mjue kwamba huyu mwenye malori zamani alikuwa anaitwa Pancha.

Jina lilinifaa. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa umelala upande wa ndani tangu nilipoanza kutembea. Kifundo kilianguka, goti likafuata, na kila hatua nilikuwa nazama na kuibuka kama baiskeli iliyoishiwa upepo. Watoto wa Chinongwe hawakuwa na huruma, nani alikuwa nayo. Nikipita kisimani wanatoa sauti ya tairi linalovuja, sssss, halafu wanaanguka kwa kucheka. Nilipigana na wengi wao. Kukimbia nisingeweza, kwa hiyo nilijifunza kupigana nikiwa nimesimama mahali pamoja, na hiyo ndiyo biashara ninayoifanya mpaka leo.

Nililelewa na bibi mzaa mama, Bibi Somoe. Mama alikuwa amefuata mume mwingine, akaniacha pale, na bibi hakuwahi kunifanya nione nimeachwa. Aliniita mume wangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu wao. "Mume wangu, njoo ule. Mume wangu, kuni ziko wapi, au umeoa mwingine?" Alikuwa mwembamba, mweusi, mwepesi wa mdomo, mwenye vidole vilivyokauka kwa kusuka mikeka. Chane za ukindu zilikuwa kila mahali ndani ya nyumba ile, mpaka kwenye chungu cha mboga ungeweza kukuta mmoja.

Siku moja sista wa kliniki ya watoto aliyekuja kijijini aliniona napita, akaniita, akaukamata mguu wangu, akaugeuza huku na huku. Akamwambia bibi anipeleke Nachingwea, kwenye hospitali ya misheni, kuna karakana ya viatu vya wagonjwa. Bibi akauliza kama watakata. Sista akasema hawakati, wanapima. Bibi hakulipenda hilo pia. Kwetu sisi, anayekupima mguu ana sababu yake. Watu walikuwa wanafuta nyayo zao wakipita kwenye nyumba wasizoziamini, maana mtu akichota mchanga uliokanyaga amekuchukua mwenyewe. Hata hivyo, lori la ushirika lilipokwenda Nachingwea na magunia, tulikuwa juu yake.

Karakana ilikuwa nyuma ya wodi, banda la bati lenye madirisha mapana. Harufu ndiyo iliyonipokea: ngozi mbichi, tairi lililokatwa, na gundi ya rangi ya asali iliyokuwa inapanda mpaka machoni. Halafu nikaiona rafu. Ilijaa miguu. Miguu mieupe, mikubwa na midogo, mingine haina vidole, imepangwa kama mikate. Leo najua ilikuwa kalibu za chokaa, nakala za miguu ya watu waliougua ukoma na wengine wenye miguu kama wangu, kila mmoja akitengenezewa kiatu kinachomfuata yeye. Siku ile nilijua jambo moja tu, kwamba hawa ni watoto waliotangulia na hawakurudi kwao wakiwa kamili. Nikamshika bibi kaniki.

Mwenye karakana aliitwa Fundi Hilari. Kama mnategemea niwaambie alikuwa mtu mpole wa kuinamisha kichwa, mtasubiri sana. Alikuwa mnene, sauti kama kengele ya kanisa, na alijisifu asubuhi hadi jioni. Mimi niliyasikia majivuno yake nikiwa mtoto nikasema, kumbe inaruhusiwa.

"Leta huo mguu," akasema. "Ahaa. Huu Mungu aliuanza vizuri, akaitwa kwenye shughuli nyingine. Tutamsaidia kumalizia."

"Utasaidiaje?" bibi akauliza.

"Mama mkubwa, hapa wanakuja watu wametembelea magoti, wanatoka wanacheza ngoma. Kaa hapo kwenye benchi, uone mkono unavyofanya kazi."

Akanipaka mafuta ya mgando mpaka juu ya kifundo. Akachovya bendeji kwenye maji, zile zenye unga mweupe ambazo waliovunjika hufungwa, ambazo sisi tunaziita hogo, akaanza kunizungushia. Zilikuwa za baridi. Halafu, hapo hapo mguuni mwangu, zikaanza kupata joto. Nikajua napikwa. Nilitaka kuvuta mguu, lakini alikuwa ameushika, kiganja kimoja chini ya kisigino, kidole gumba cha mkono mwingine kimebonyeza kwenye tao la unyayo, ananyoosha kile kifundo taratibu, na hakuachia. Akanitazama usoni muda wote. Akaacha hata kujisifu. Nilisikia mfupa wangu unakaa mahali ambapo haujawahi kukaa.

Juzi juzi kisigino kilianza kunisumbua, nikasafiri mpaka Dar es Salaam kwa kijana mmoja bingwa wa mambo hayo hayo. Akanisimamisha juu ya kioo chenye taa, mguu ukatokea kwenye kompyuta una rangi nyekundu na bluu kama ramani ya mvua. Ni mashine ya kutia adabu. Soli alizonitengenezea ninazo ndani ya viatu hivi ninapoandika, na zinafanya kazi. Ila kijana yule hakunigusa mguu hata kidogo, na mimi nikiwa nimesimama pale juu ya kioo nilikuwa namsubiri anishike.

Hogo lilipokauka, Fundi Hilari akalipasua kwa kisu kwa mbele, akauchomoa mguu wangu. Ulitoka umepauka kwa unga, una mikunjo, mdogo kuliko nilivyouzoea. Akalichukua lile ganda, akalifunga tena, akamimina uji mweupe wa chokaa ndani. Tulilala kwa ndugu wa bibi, na tuliporudi kulikuwa na mguu mpya mezani, una vidole vyangu, una kovu langu la jembe. Basi nikaelewa kila kitu. Mguu wangu wa kweli, ule uliopinda, umebaki kwake. Huu nilio nao nimeazimwa.

Alikaa na ule mweupe akiuchonga kwa tupa, akapunguza hapa, akaongeza chokaa pale, kisha juu yake akabandika ngozi iliyoloweshwa na tabaka za kizibo, kile cha kuzibia chupa, ikawa kama sahani ndogo yenye mgongo. Hiyo ndiyo ilikaa ndani ya kiatu cha kushoto. Viatu vyenyewe vilikuwa vya ngozi nzito, chini tairi. Akanivalisha, akanipeleka kwenye sanduku refu la mchanga lililokuwa chini ya dirisha.

"Pita. Tembea kama unakwenda kwa mkwe."

Nikapita. Hakuniangalia mimi, aliinamia mchanga. Akanivua, akakwangua kidogo pembeni ya soli, akanivalisha, nikapita tena. Mwisho akanipitisha peku.

"Kanyaga mara moja. Sawasawa, usiegemee."

Akauangalia unyayo wangu kwenye mchanga, akaupima kwa vidole vyake. Bibi alikuwa ameinuka kwenye benchi. Sijawahi kumwona mtu anamkazia macho mwenzake vile. Aliangalia kila mahali ambapo vidole vya Fundi vilipita.

Nilitoka kwenye banda lile natembea. Sitaki kuongeza chumvi, mimi ni mfanyabiashara na najua kuongeza chumvi, lakini hapa haihitajiki. Ardhi ilikuwa sawa. Nilikuwa sijui kwamba ardhi iko sawa.

Bibi alinifuata mpaka mlangoni, halafu akageuka.

"Fundi, mguu wa mjukuu wangu uko wapi?"

"Si huo anautembelea, mama mkubwa."

"Huo ninauona. Nauliza ule mwingine."

"Ule ni kalibu. Ni mali ya karakana."

"Mali ya karakana ni nyundo. Ule una vidole vya mume wangu."

Fundi Hilari alicheka hadi akashika meza. Bibi hakucheka. Wakavutana maneno kwa muda, yeye akieleza kwamba mtoto akikua ataongezea chokaa juu ya ule ule, bibi akijibu kwamba akikua ataletwa yeye pamoja na mguu wake, lakini kulala utalala nyumbani.

"Chukua," Fundi akasema mwishowe. "Ila ukivunjika usije kunililia. Na wewe kijana, viatu hivi huvui. Shambani navyo, kisimani navyo, hata chooni navyo. Ukianza kwenda peku, mguu unakumbuka ulikotoka."

Bibi aliufunga kwenye kaniki yake, akaupakata juu ya magunia njia nzima. Nyumbani akaupandisha darini jikoni. Mimi nililala chini yake nikiwa na hesabu yangu kamili kichwani: upindaji wote umebaki kwenye ule mweupe, na maadamu uko juu pale, umetulia, huku chini nitaendelea kunyooka. Nilikuwa nikiusalimia asubuhi, kwa adabu, kama mtu anavyomsalimia mgonjwa.

Nikanyooka kweli. Ile sauti ya tairi ikaanza kupungua kisimani. Lakini jina ni kitu kigumu. Waliendelea kuniita Pancha hata nilipokuwa nawapita njiani, na niliona litakwisha sehemu moja tu, jandoni.

Wenzangu wa kwetu wanajua. Mtoto akiingia jando anakuwa mwari, na jina la utoto linabaki porini. Siku ya kutoka, kambi inachomwa moto, na kila kilichotumika mle kinaungua nayo, mikeka, vibuyu, nguo, na lile jina. Ukitoka una jina jipya, na atakayekuita la zamani amekutukana, unaweza kumshtaki kwa wazee. Niliingoja siku hiyo kuliko sikukuu yoyote.

Kwetu jambo la jando la mtoto linasimamiwa na mjomba. Mjomba wangu Issa, mtoto wa bibi, alikuja baada ya mavuno, akakaa uani, akasema mwaka huu naingia. Bibi akasema sawa, ataingia na viatu vyake.

"Mama, wari hawavai viatu porini," Mjomba akasema.

"Wari wengine wana miguu. Huyu ana mguu wa hospitali. Fundi amesema asivue."

"Fundi ametahiriwa lini na nani? Ajue nini habari za kambi yetu?"

"Issa, mimi nimekuzaa wewe na miguu yako yote miwili, na sijakuona ukinishukuru. Ataingia navyo."

Mjomba akaenda kuzungumza na mkuu wa kambi, akarudi jioni, uso mzito. Walikubali. Lakini hawakubadili sheria. Kilichoingia hakitoki. Viatu vitaingia, vitakaa, na siku ya mwisho vitaungua pamoja na kambi.

 Bibi alikuwa na chane mkononi, akaendelea kusuka.

Mimi ndiye niliyeelewa haraka kuliko wote. Siku ya kutoka, kijiji kizima kimejipanga, wanawake wanapiga vigelegele, mimi nitatoka porini peku. Mguu utakumbuka ulikotoka. Nitazama na kuibuka mbele ya wote, na kabla mtu hajasema jina langu jipya, mmoja tu akitoa ile sauti, sssss, jina langu la zamani litakuwa limetoka porini pamoja nami, na hakutakuwa na jando la pili la kulichoma.

Asubuhi ya kuingia, Mjomba alikuwa ananisubiri nje. Bibi akanizuia mlangoni. Alikuwa amechekecha majivu mbele ya kizingiti, laini kama unga wa sembe, ameyasawazisha kwa mkono.

"Vua kiatu cha kushoto, mume wangu. Kanyaga hapa mara moja. Sawasawa, usiegemee."

Nikakanyaga. Majivu yalikuwa bado na uvuguvugu. Akanivalisha kiatu tena, na papo hapo akachukua ungo akaufunika ule unyayo.

"Hiyo ni nini?" Mjomba akauliza.

"Kinga. Asifuatwe na mabaya."

"Hapo umefanya la maana," Mjomba akasema, akanishika mkono tukaondoka. Nilipogeuka, bibi alikuwa amechuchumaa juu ya ungo ule kama kuku anayeatamia. Nilijisikia nimelindwa.

Ya porini siwezi kuyasimulia, na wenzangu mnajua kwa nini. Niseme tu kwamba viatu vilinisaidia na pia viliniletea maneno. Kila usiku nilivitazama kama mtu anavyotazama mbuzi wa sikukuu. Wenzangu walihesabu siku wakitamani zifike. Mimi nilitamani zisimame.

Zilifika. Tukaogeshwa mtoni, tukanyolewa, tukapangwa mstari. Mkuu wa kambi akanionyesha mlango wa kibanda kwa kidole, nikavua viatu, nikavitupa ndani mwenyewe. Moto ukawashwa. Tuliambiwa hakuna kugeuka, atakayegeuka atarudisha utoto wake, kwa hiyo sikugeuka. Lakini pua haigeuki, inafuatwa. Nilinusa nyasi, nikanusa mikeka, halafu, nyuma kabisa, nikalinusa tairi. Ngozi. Ile gundi ya asali. Nikatembea peku, na hatua baada ya hatua nilihisi kifundo kinashuka kwenda kilikokuwa.

Karibu na kijiji kulikuwa na mahali palipofagiliwa, nyuma ya mikorosho, ambapo wanaume huvalisha wari nguo mpya zilizotumwa kutoka makwao. Huko ng'ambo ngoma zilishaanza. Mjomba Issa alikuwa na furushi langu, kitenge kipya kilichofungwa kwa kamba ya ukindu. Akatoa shati. Akatoa kaptula. Akaingiza mkono tena, akasimama.

Akatoa kiatu. Halafu kingine.

Vilikuwa vipya. Ngozi nzito, chini tairi. Akakigeuza cha kushoto, akatia vidole ndani, akaikuta ile sahani yenye mgongo.

"Hivi nimeviona vikiungua leo kwa macho yangu," akasema.

"Vile vingine," mzee mmoja aliyekuwa karibu akamwambia. "Hivi havijaingia porini."

 Mjomba akapiga magoti, mtu mzima yule, akanivalisha mwenyewe. Havikubana. Mguu wangu ulikuwa umekua tangu vile vya kwanza, vilikuwa vimeanza kunibana vidole kambini, lakini hivi vilinienea kila upande. Nikasimama. Ardhi ilikuwa sawa.

Nilitoka kwenye mikorosho ile nikiwa wa mbele. Nilitembea katikati ya kijiji kizima kama ninayekwenda kwa mkwe. Wale wa kisimani nilikuwa nao kwenye mstari huo huo, nyuma yangu, na hakuna aliyetoa sauti. Bibi Somoe alikuwa kwenye kundi la wanawake, hakupiga kigelegele. Alikuwa ameinama. Alikuwa anaangalia chini, nyuma yangu, mahali nilipokanyaga. Alipomaliza ndipo akainua kichwa, akaniita kwa jina langu jipya.

Safari yake niliijua baadaye, nilipopelekwa tena karakana. Fundi Hilari alinisimulia kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia. Bibi alimkuta anatoka misa ya asubuhi, bibi mwenyewe ana vumbi mpaka kwenye nyusi, mguu umefungwa kwenye kaniki kichwani. Sehemu kubwa ya njia alitembea. Mke wa Fundi akampikia maharage, akakataa, akaomba muhogo wa kuchoma mtupu, maana mwanamke mwenye mtoto jandoni hagusi chumvi, kidonda kisichelewe kupona. Alikaa kwenye benchi lile mpaka viatu vilipokwisha, na hakuondoka hata Fundi alipokwenda kula.

"Aliuweka mguu mezani akaniambia, ongeza," Fundi akasema. "Nikamwuliza, mama mkubwa, niongeze kiasi gani, mtoto yuko porini simwoni? Akasema, wewe ongeza mbele ya vidole, nitakwambia pa kuishia. Akaniambia kweli. Nimeshona viatu maisha yangu yote, na mimi ndiye bora kuliko wote kuanzia hapa mpaka Songea, muulize yeyote. Lakini yule mwanamke angekuwa mwanaume ningemwajiri, halafu ningemwogopa."

"Alijuaje?"

"Muulize mwenyewe. Mimi alinifukuza nje alipokuwa anapima."

Nilimwuliza. Alikuwa anasuka.

"Mume wangu, si ulikuwa unakua huko darini?" akasema. "Wewe ukikua porini, mwenzio anakua juu ya moshi. Ni mguu wako, utakosaje kukua?"

Nikaamini. Mnaweza kunicheka, lakini niliamini miaka, na hata nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuona haiwezekani, sikutafuta jibu lingine. Nilikuwa na mambo ya kufanya. Nilianza kwa kuziba pancha za baiskeli pale Ruangwa, ndiyo, pancha, nikanunua baiskeli, nikanunua pikipiki, nikanunua lori. Bibi alikufa akiwa ameshapanda lori la kwanza, mbele, karibu na dereva, akiwapungia watu kwa mkono kama kiongozi. Ule mguu nilidhani ulishavunjika au kutupwa.

Sasa ulikuwa mbele yangu, na Rama amesimama nyuma yangu, na vijana wanasubiri niseme kitu.

Nikaifungua kaniki yote. Mguu ulikuwa mzima, bado mweupe, ila pembeni umeshika rangi ya maziwa yaliyoungua, na mbele ya vidole kulikuwa na ile nyongeza ya Fundi Hilari, tabaka la chokaa lisilofanana na mengine. Chini ya kisigino kulikuwa na kitu kimekunjwa. Uchane wa ukindu, mkavu, mweusi kwa moshi. Niliunyoosha polepole usikatike. Ncha moja ilikuwa imefungwa fundo, na karibu na ncha ya pili kulikuwa na fundo jingine. Nikauweka juu ya mguu, fundo la kwanza kwenye kisigino. La pili likafika pale pale, ukingoni mwa nyongeza ya Fundi. Halikupita, halikupungua.

Majivu yale yaliyochekechwa. Sawasawa, usiegemee. Ungo.

Mtoto akiwa porini, mwanamke wa kwetu hagusi unyayo wake, haupimi wala haubebi kuupeleka mbali. Kidonda changu kingechelewa kupona, homa ingenishika, chochote kingenipata kule, watu wangesema Bibi Somoe amemchukua mjukuu wake kwa mchanga. Yeye aliyeogopa kuniachia mguu wangu karakana alijua hilo kuliko mtu yeyote. Aliupima unyayo wangu kwa uchane huu, akaunyamazia mpaka kaburini, akanipa mimi hadithi ya mguu unaokua darini ili nicheke.

"Bosi," Rama akasema. "Tuuchome?"

"Hakuna kinachochomwa hapa."

"Basi tuendelee na upande wa mbele?"

Niliuangalia mlango wa bibi, fremu imepinda, na chini yake kizingiti cha mti kilicholainika kwa nyayo. Ramani ya nyumba yangu ilichorwa na mtu wa mjini, ni ramani nzuri, mlango mkubwa unatazama barabara ili kila anayepita auone.

"Kizingiti hicho msikiguse," nikamwambia. "Na mlango mkubwa tunaugeuza. Utakaa hapa."

"Hapa, bosi? Kwenye ramani huku ni uani. Hakuna atakayeuona."

"Rama, lete kamba upime."